DVDStyler: DVD ya harusi ya Mtwara itakayocheza Muscat, London na Toronto

Diski nyingi zinazotoka Mtwara na Lindi kwenda kwa ndugu walio ng'ambo hukwama zikiingizwa kwenye deki, na mara nyingi kosa si la posta wala la deki ya huko. Mtengenezaji amechukua faili la MP4, akalirusha kwenye diski tupu, akaandika juu "DVD ya Harusi", akakabidhi. Kwenye kompyuta yake linafunguka. Likifika kwa shangazi Toronto, mwenye deki ya zamani chini ya TV, kioo kinamwambia diski haitambuliki, naye anaamini imekwaruzwa safarini.

DVDStyler ipo kwa ajili ya kuziba pengo hilo. Ni programu ya bure, ya msimbo huria, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inachukua video zako, inazigeuza kuwa DVD ya kweli, inaiwekea menyu ukitaka, kisha inaichoma. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokatwa ni kwa sababu ya video za simu, ambako programu hii inahitaji msaidizi, na siku hizi karibu kila video ni ya simu.

Kwanza tuelewane DVD ya kweli ni nini. Ukiifungua kwenye kompyuta utakuta folda ya VIDEO_TS. Ndani yake mna mafaili ya VOB, ambayo ndiyo picha na sauti, kila moja likiwa halizidi GB 1, na pembeni mna IFO na BUP zinazoielekeza deki ianzie wapi na iruke kwenda wapi. Picha yenyewe imebanwa kwa MPEG-2, lugha ya zamani ambayo kila deki inaijua. Simu inarekodi kwa H.264, na mpya zaidi kwa H.265, ambazo deki ya kawaida haizisomi kabisa. Zipo deki zinazosoma MP4 au DivX kutoka kwenye diski au flashi, ila huwezi kubahatisha ya mjomba ni ipi. Ukikabidhiwa diski na fundi, angalia VIDEO_TS. Haipo? Mrudishie.

Kuipata na kuisakinisha

Ipakue kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, si kwenye kurasa za kupakulia programu zilizojaa vitufe vya kijani. Kwenye Windows soma kila ukurasa wa usakinishaji kabla ya kubonyeza kuendelea, na ukiona tiki ya programu usiyoiomba, iondoe. Windows 7 ilikuja na kitengenezaji chake cha DVD, lakini Microsoft waliacha kukiweka kuanzia Windows 8, kwa hiyo kwenye kompyuta za sasa usikitafute.

Kompyuta yenyewe haihitaji kuwa ya ajabu. Inayohitajika ni nafasi. Wakati wa kutengeneza diski moja iliyojaa, programu inaandika video iliyogeuzwa, kisha folda ya DVD, kisha taswira ya diski, yaani nakala ya diski nzima katika faili moja. Acha walau GB 15 zikiwa wazi. Kazi ikikatikia katikati na ujumbe mwekundu usioeleweka, sababu ya kwanza ya kuangalia ni diski kuu iliyojaa muvi.

Dirisha la kwanza ndilo linaloamua kila kitu

Ukianza mradi mpya unaulizwa jina la diski, ukubwa, ubora wa picha, mfumo wa TV wa PAL au NTSC, umbo la 4:3 au 16:9, na aina ya sauti. Watu wengi wanabonyeza sawa na kupita. Hapo ndipo safari ya Toronto inapoharibikia.

Ukubwa chagua GB 4.7, yaani diski ya tabaka moja. Usishangae kompyuta ikikuambia ina GB 4.37, ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu. Diski za tabaka mbili za GB 8.5 zipo, ila ni ghali, deki za zamani huzikataa au kusitasita pale tabaka la kwanza linapoisha, na kosa moja la uchomaji linakula diski ya bei. Diski mbili za kawaida ni bora kuliko moja ya tabaka mbili.

Sasa PAL na NTSC. Tanzania tunatumia PAL, picha ya pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde; fremu ni zile picha moja moja zinazounda video. Oman ni PAL, Falme za Kiarabu ni PAL, Uingereza, Ujerumani, Afrika Kusini na India pia. Marekani, Kanada na Japani ni NTSC, yenye pikseli 720 kwa 480 na fremu 29.97 kwa sekunde. Jambo la kushika ni kwamba usawa haupo. Deki nyingi zilizouzwa kwetu, Ghuba na Uingereza husoma mifumo yote miwili. Deki nyingi zilizouzwa Marekani na Kanada husoma NTSC peke yake. Diski ya PAL ukiipeleka Houston itaonyesha kioo cheusi, au picha inayokimbia juu chini bila rangi, au ujumbe wa kukataa.

Kwa hiyo ushauri wa kuchoma PAL kwa kuwa uko Tanzania haumfai mtu mwenye ndugu Amerika. Na kuna la pili ambalo halisemwi sana: simu nyingi zinarekodi fremu 30 kwa sekunde. Ukiipeleka video hiyo kwenye PAL, programu inalazimika kutupa fremu 5 katika kila 30, moja kati ya kila sita. Kamera ikigeuka taratibu kuonyesha ukumbi, picha inaruka kama gari kwenye matuta. NTSC yenye fremu 29.97 inaipokea video hiyo karibu kama ilivyo. Hukumu yetu ni hii: kazi yote ikiwa ya simu, choma NTSC hata kwa ndugu wa Muscat na London, na diski moja itazunguka dunia. Kazi ikiwa ya kamera ya mpiga video aliyeiweka kwenye fremu 25 au 50, kama ilivyo desturi ya kamera zinazouzwa nchi za PAL, tengeneza PAL kwa Oman na Uingereza, na NTSC ya pili kwa ajili ya Amerika tu. Hapo programu itarudia fremu kama tano kila sekunde, mtikisiko kidogo utaonekana, lakini diski itacheza. Wenye iPhone wanaweza kumaliza ubishi mapema, maana kwenye mipangilio ya kamera mna sehemu ya kuonyesha miundo ya PAL, na ukiiwasha unapata fremu 25.

Zile namba za maeneo ya dunia, 1 ya Marekani na Kanada, 2 ya Ulaya na Mashariki ya Kati, 5 ya sehemu kubwa ya Afrika, ni kufuli za diski za filamu za madukani. Diski ya nyumbani haifungwi. Anayekutoza pesa ya "kufungua regioni" kwenye DVD ya harusi anakutoza hewa.

Sauti chagua AC-3, si MP2. Deki za PAL husoma zote, ila kwa diski ya NTSC sauti ya MP2 si lazima deki iijue, na matokeo yake ni bwana harusi anayefungua mdomo pasipo kutoka neno. AC-3 ya kilobiti 192 kwa sekunde inatosha kwa khutba ya nikaha, kwaya na hotuba za ukumbini.

Dakika ngapi, na kwa nini sindimba inavunjika vipande

Ubora unaweza kuachwa ujipange wenyewe. Sehemu ya chini ya dirisha inakuonyesha dakika ulizotumia na zilizobaki, na kadiri unavyoongeza video ndivyo programu inavyopunguza uzito wa kila sekunde ili vyote vienee. Hapo ndipo ulafi unapoadhibiwa. Kikomo cha picha ya DVD ni megabiti 9.8 kwa sekunde. Ukiweka saa moja, unakaribia kikomo hicho na picha ni safi. Saa mbili zinakuacha na takriban megabiti 5. Saa tatu zinakushusha mpaka 3.5 hivi, sauti ikiwa humo humo.

Mzee aliyekaa kwenye kiti anayetoa wasia, megabiti 3.5 zinamtosha. Nyuma yake hakuna kinachosogea, na MPEG-2 inaokoa nafasi kwa kurudia kile ambacho hakijabadilika. Sindimba ni habari nyingine. Viuno vinazunguka haraka, vumbi linapanda, kanga za maua madogo madogo zinapita mbele ya kanga nyingine, na hakuna kipande cha picha kinachofanana na cha fremu iliyotangulia. MPEG-2 inaigawa picha katika miraba midogo, na uzito ukiwa haba miraba hiyo inajitokeza kama vigae. Vivyo hivyo kwa maji ya ufukwe wa Shangani yanayometameta na minazi ya Mikindani yenye upepo. Huo si ubovu wa kamera wala wa programu. Ni hesabu tu.

Kwa shughuli yenye ngoma, kaa kwenye megabiti 7, yaani dakika zisizozidi 80 kwa diski. Harusi ya siku mbili igawe: nikaha au misa diski yake, sendofu yake, ukumbi yake. Na usiijaze diski hadi ukingoni. DVD inaandikwa kuanzia ndani kwenda nje, na ule ukingo wa nje ndio unaoshikwa na vidole, unaokwaruzwa na kasha, na ndiko uchomaji dhaifu hujitokeza. Ndiyo maana diski nyingi "hukwama mwishoni", keki ikiwa inakatwa.

Mtu asitarajie DVD iwe safi kama video ilivyokuwa kwenye simu. Fremu ya 1080 ina pikseli 2,073,600, ya DVD ya PAL ina 414,720, moja ya tano kamili. Kwenye TV ya inchi 32 kwa bibi haionekani sana. Kwenye ya inchi 65 inaonekana, na ndugu mwenye TV kama hiyo mtumie flashi pia.

Video za simu: hapa nyota ilikatwa

Simu haishiki fremu 30 sawasawa. Mwanga ukipungua ukumbini inashuka hadi 24 au chini yake, mwanga ukirudi inapanda. Mwendo huo wa kupanda na kushuka unaichanganya DVDStyler. Dakika ya kwanza midomo na sauti viko pamoja, dakika ya ishirini MC anacheka kabla hajafungua kinywa. Watu hulaumu diski, hulaumu deki, hurudia kuchoma mara nne. Kurudia hakusaidii, kosa liko ndani ya faili la simu.

Dawa ni kupitisha kila video ya simu kwenye HandBrake kwanza, programu ya kugeuza video, nayo ni ya bure. Kwenye ukurasa wa Video chagua H.264, weka fremu 29.97 kama unakwenda NTSC au 25 kama ni PAL, kisha weka alama kwenye Constant Framerate, yaani mwendo usiobadilika. Alama hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukiisahau umepoteza saa nzima. Ubora, unaoandikwa RF, weka 18. Namba ikipanda ubora unashuka, kinyume na watu wanavyodhani. Faili linalotoka ndilo unaloingiza DVDStyler. HandBrake haichomi diski, na haina haja.

Kuna video zilizopita WhatsApp. Hizo zimekwisha kubanwa na hakuna programu itakayozirudisha. Yeyote aliyerekodi kwa simu ukumbini mwambie akutumie kama dokyumenti, ambako faili linaweza kufika GB 2, au akupe memori kadi ukanakili mwenyewe.

Video ya kusimama wima nayo ina adhabu yake. Ndani ya kioo cha 16:9 inachukua chini ya theluthi moja ya upana, kushoto na kulia kukiwa kweusi. Kwenye sifa za video hakikisha umbo la asili linalindwa, la sivyo bibi harusi atavutwa akawa mnene kuliko mama mkwe. Kuikata juu na chini ili ijaze kioo kunapoteza vichwa. Bora weusi.

Menyu, na mzee mwenye rimoti

Violezo vya menyu vya DVDStyler vipo vya kutosha, vingine vina mawaridi na pete za dhahabu kama kadi za mwaka 1998. Unaweza kuweka picha yako nyuma na kubadilisha maandishi, Kiswahili hakisumbui. Maandishi yakae mbali na kingo, walau sehemu moja ya kumi ya upana kila upande, kwa sababu TV za zamani hukata pembeni. Vitufe viwe vikubwa na visizidi vinne.

Ila jiulize nani atakayeishika rimoti. Kwa mtu wa miaka themanini menyu ni ukuta. Futa menyu yote na video itaanza yenyewe diski ikiingia. Ukiwa na mafaili mengi, yaingize kama sura za video moja badala ya video tofauti, ili yacheze mfululizo bila kumrudisha mtazamaji kwenye menyu kila baada ya dakika tano. Weka sura kila mahali panapobadilika: kuingia kwa bibi harusi, wasia, keki, ngoma.

Ukichanganya kanda ya zamani ya 4:3 na video ya simu ya 16:9, zitenge katika makundi mawili ya video. Sheria ya DVD inataka video za kundi moja ziwe na umbo moja.

Kuchoma

Usichome moja kwa moja. Mwambie DVDStyler atengeneze taswira ya diski, yaani faili la ISO, kisha ulifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video, na kulitazama: mwanzo, katikati, dakika kumi za mwisho. Likiwa sawa, ndipo uchome nakala uzitakazo. Kwa nakala nyingi tunapendelea ImgBurn kwenye Windows, ikiwa na alama ya kuhakiki, ambapo inasoma diski nzima upya baada ya kuandika. ISO iliyojaa hainakiliki kwenye flashi yenye muundo wa FAT32, maana FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Flashi ibadilishwe kuwa exFAT kwanza, na kumbuka kufanya hivyo kunafuta vilivyomo.

Diski nunua DVD-R. DVD+R nazo hucheza kwenye deki nyingi, lakini kwa deki za zamani DVD-R ndiyo salama zaidi. DVD-RW, zile za kufuta na kuandika tena, hurudisha mwanga kidogo na deki nyingi zinazikataa; zitumie kwa majaribio ya nyumbani. Diski ya kasi 16 ichome kwa kasi 4 au 8.

Kichomeo cha nje cha USB kinahitaji umeme zaidi wakati wa kuandika kuliko wakati wa kusoma, na tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500 tu. Ndiyo sababu kinasoma vizuri lakini kinakufa katikati ya kuchoma. Kichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio, kwa waya mfupi; chenye vichwa viwili vya USB, vichomeke vyote viwili. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, betri ya akiba. Gesi ya Msimbati ya kuzalishia umeme iko jirani, lakini umeme ukikatika sekunde moja, diski uliyokuwa ukiichoma imegeuka kigae.

Usibandike stika. Joto la ndani ya gari linaikunja, diski inayumba ikizunguka, na siku stika inapobanduka imekwisha kazi. Andika kwa kalamu laini ya wino wa maji. Kwenye DVD tabaka la kumbukumbu limelala katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6, kwa hiyo kalamu hailiumizi haraka. Kwenye CD liko chini kidogo tu ya upande wa maandishi, na kalamu ngumu inaliua.

Jaribu kwenye deki, si kwenye kompyuta tu, na ikiwezekana deki kuukuu. Ikipita hapo, itapita kwingi.

Kanda za zamani

Kanda za VHS za miaka ya tisini zinakuja zikiwa na ukungu mweupe, kwa sababu ya unyevu wa bahari na msimu wa mvua wa Desemba hadi Aprili kabatini. Kanda yenye ukungu usiitie kwenye deki kabla haijasafishwa. Mbegu za ukungu zinahamia kwenye vichwa na kuzichafua kanda zako zote. Ikiwa safi, ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha, kisha irekodi kwa kifaa cha USB chenye waya wa njano, mwekundu na mweupe, kikiwa kimewekwa PAL. Kanda ya E-180 ni saa tatu, na inarekodiwa kwa saa tatu, hakuna njia ya mkato. Usichelewe: kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS mwaka 2016, na vipuri sasa ni vya kuokota kwenye deki zilizokufa.

Ukimpa fundi

Asiye na kompyuta atakwenda studio, na msimu wa korosho studio zinajaa. Mwambie mambo matatu na yaandikwe kwenye risiti: DVD ya video yenye VIDEO_TS, NTSC au PAL kulingana na nchi, dakika zisizozidi 80. Omba na faili la ISO kwenye flashi yako. Akisema mashine yake haina NTSC, si mashine, ni yeye. DVDStyler inabadilisha kwa kubonyeza mara moja.

Na kuna yasiyochomwa. Ya ndani ya unyago ni ya nyakanga na mwali, hayapigwi wala hayatumwi; siku ya kutoka mwali, uwanjani, mbele ya watu, ndiyo ya diski. Shughuli za wanawake peke yao, zenye nywele wazi, ziwe kwenye diski ya peke yake iliyoandikwa "kina mama tu", maana hujui sebule ya Muscat ina wageni gani.

Kutuma

DVD tupu ina uzito wa gramu 16 hivi, na ndani ya kasha la kawaida la plastiki haizidi sana gramu 100. Kasha peke yake huvunjika meno ya katikati na diski ikabaki ikigongana humo. Ifunge kwa kitambaa laini au karatasi ya diski, iweke kati ya vipande viwili vya boksi ngumu vilivyokatwa sentimita 14 kwa 14, vibane kwa gundi ya karatasi, kisha bahasha yenye mapovu. Bahasha ya barua peke yake haifai, mashine za kuchambua barua huikunja.

Posta utajaza fomu ya forodha ya CN22. Andika kilichomo kwa ukweli na ufupi, DVD ya familia, zawadi, idadi na thamani ndogo. Lipia rejista upate namba ya kufuatilia. Kumkabidhi msafiri ni haraka zaidi, ila mpe diski ndani ya kasha gumu, asiichomeke kwenye mfuko wa pembeni wa begi linalopigwa jua.

Kwa kulinganisha, kupandisha diski nzima kwenye Google Drive, ambayo inatoa GB 15 bure, ni zaidi ya saa mbili kwa mtandao wa kupandisha megabiti 5 kwa sekunde, na bando la karibu GB 5. Kwa vijana wa ng'ambo hiyo inafaa, wengi hawana hata deki, na kompyuta zao hazina tundu la diski. Kabla ya kuchoma, piga simu uulize wana nini chini ya TV. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski na Xbox Series X zinacheza DVD, na wenyewe huwa hawajui.

Faili za asili za simu zibaki Mtwara, kwenye diski kuu mbili tofauti. DVD-R hudhoofika kwa miaka, zaidi ikiwekwa juani au penye unyevu.

Ndani ya bahasha weka kikaratasi chenye herufi kubwa: "Diski 1 nikaha, diski 2 ukumbi. Ni NTSC. Ingiza, subiri nusu dakika, itaanza yenyewe. Ikikwama, ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha."